Mafundi wa "pampu hiyo, bosi": geji mnaziogopa nini?

Wakuu, leo nimekuja na povu na sitaki mtu aniambie nitulie.

Nina pikapu ya zamani ya petroli, ya kabureta (kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa), pampu yake ya mafuta inasukumwa na injini. Ugonjwa ulikuwa huu: asubuhi inawaka bila shida, silensa (injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta) imetulia, mizunguko ya karibu inapiga. Ipandishe mlima mrefu ikiwa na mzigo, au ikimbize kwa muda kwenye tambarare, inaanza kukohoa, nguvu zinaisha, inazima. Unasogea pembeni, unasubiri kidogo, unapiga stata, inawaka kama vile si yenyewe iliyokuaibisha. Wenye magari kuukuu humu mnaujua huo mchezo.

Fundi kanisikiliza nusu ya maelezo, boneti hajafungua, kashatoa hukumu: "Pampu hiyo, bosi." Pampu ikabadilishwa. Ikazima kwenye mlima uleule. "Basi kabureta." Kabureta ikashushwa, ikaoshwa, ikafungwa sindano mpya. Ikazima. "Basi mafuta unayoweka machafu." Hapo ndipo nilipopandwa na hasira, maana katika safari yote hiyo hakuna kitu hata kimoja kilichopimwa. Hata kimoja! Watu wanapiga ramli kwa spana, halafu vifaa vya ramli unanunua wewe mwenye gari.

Ugonjwa ulikuwa wapi? Kwenye kipande kifupi cha mpira kinachounganisha tenki na lile bomba la chuma linalopita kwenye chasi. Kimekauka, kina nyufa, kimejificha juu ya tenki ambako huoni mpaka uingie chini na tochi. Nilipomwonyesha fundi, akanijibu kwa kujiamini kabisa: "Mbona hapavuji?"

Jamani. Hapavuji kwa sababu pampu iko mbele kwenye injini! Kuanzia kwenye tenki mpaka kwenye pampu, mafuta yanafyonzwa. Ufa upande huo mara nyingi hautoi mafuta nje, unaingiza hewa ndani. Gari likiwa silensa linakunywa kidogo, pampu inamudu hata ikimeza hewa. Likidai mafuta mengi mlimani, pampu inavuta mapovu, bakuli la kabureta linakauka haraka kuliko linavyojazwa, injini inakufa. Ukipumzika na kupiga stata, pampu inalijaza tena taratibu, na wewe unadhani gari limepona. Kutafuta tone la mafuta chini ya gari kwa ugonjwa wa aina hii ni kupoteza muda. Upande wa pili, kutoka kwenye pampu kwenda kwenye kabureta, hapo ndipo ufa unavujisha, na hapo ni hatari ya moto.

Na kipimo cha kulijua hili ni cha kijinga kwa urahisi wake. Injini ikiwa imepoa, chomoa mpira unaoingia kwenye pampu, funga mpira mwingine mzima, chovya kwenye dumu safi la petroli lililofungwa imara mbali na joto, kizima moto kiwe mkononi, sigara iwe mbali. Washa, ipandishe mizunguko, ishikilie hapo. Ikikubali bila kukohoa, pampu na kabureta yako huenda hazina kosa; mwizi yumkini yuko nyuma: mpira, bomba lililopondeka, chujio la ndani ya tenki lililojaa kutu, au mfuniko wa tenki usiopumua. Huo mfuniko nao msiudharau. Kitundu chake kikiziba, tenki linajenga ombwe na pampu inashindwa kuvuta. Gari likizima, fungua mfuniko. Ukisikia linavuta pumzi "fyuuu" na likawaka hapohapo, umepata jibu bila kufungua nati hata moja.

Lakini hata kabla ya dumu kuna swali moja la kuulizwa gari linapozima: je, kweli ni mafuta? Koili (inayotengeneza umeme wa plagi) inayokufa ikipata moto inaigiza ugonjwa huu vizuri sana: inazima, inapoa, inawaka. Kwa hiyo likizima tu, toa kifuniko cha chujio la hewa, injini ikiwa imesimama, vuta mkono wa ekseleta pale kwenye kabureta uangalie ndani. Petroli ikirushwa kwa nguvu kwenye koo la kabureta, bakuli lina mafuta. Nenda katafute moto wa plagi. Pakiwa pakavu, ndiyo, mafuta hayafiki. Usiweke uso hapo mtu anapiga stata, kabureta ikitema moto utabaki bila nyusi. Sekunde chache tu hizo, na zingezuia pampu na kabureta yangu kuguswa kwa fujo.

Na kama ni lazima uishitaki pampu, basi ishitaki kwa ushahidi. Pampu nyingi za magari ya kabureta zinatoa presha ya psi (kipimo cha presha) 3 hadi 7 hivi. Namba kamili iko kwenye kitabu cha gari lako. Presha peke yake haitoshi, kuna pampu inayoonyesha presha nzuri kwenye geji huku inatoa mafuta kiduchu. Elekeza mpira wake kwenye chupa, injini ikizunguka itoe karibu nusu lita ndani ya nusu dakika. Chomoa kijiti cha oili unuse: oili ikinuka petroli na kiwango kimepanda, ngozi ya ndani ya pampu inaweza kuwa imepasuka, na hapo nakubali ibadilishwe leoleo, maana oili iliyochanganyika na petroli inakula beringi za injini.

Sasa sikieni kituko cha fundi wa pili. Huyu alitaka anifungie pampu ya umeme ya gari la nozeli, yaani lile linalopuliziwa mafuta badala ya kutumia kabureta, "ili kumaliza tatizo." Pampu za namna hiyo kwa kawaida zinasukuma psi 40 na zaidi. Sindano ya kabureta imeumbwa kuzuia psi chache tu. Ukifanya hivyo bila kirekebishi cha presha, bakuli linafurika, petroli inamwagika juu ya injini ya moto. Huyo alikuwa anamaliza tatizo pamoja na gari na mimi ndani yake.

Wenye nozeli msicheke, mnaibiwa vilevile, tena kwenu ni zaidi kwa sababu pampu iko ndani ya tenki na kazi ya kushusha tenki ni kubwa. Pampu haisikiki, basi imekufa! Hakuna aliyepima volti kwenye plagi ya pampu huku inajaribu kuzunguka. Waya wa ardhi ulioliwa na kutu kwenye chasi unaiachia pampu volti 9 badala ya 12, na pampu mpya itakayofungwa itakuwa dhaifu vilevile. Kuna zile pikapu za Chevrolet na GMC za TBI (nozeli zimekaa pale ambapo kabureta ingekaa), kati ya 1987 na 1995: presha yake ni psi 9 hadi 13 tu, kwa hiyo fundi aliyezoea 40 akiweka geji anaweza kuihukumu pampu isiyo na kosa. Tena zina swichi ya presha ya oili inayoipa pampu umeme rilei (swichi ya umeme inayoiwasha pampu) ikifa. Dalili yake ni kupiga stata muda mrefu asubuhi mpaka oili ipande, ndipo gari liwake. Rilei ndogo kabisa, na tenki linashushwa!

Msinijibu kwamba magari ya zamani ndivyo yalivyo. Langu sasa linapanda mlima uleule na mzigo uleule kwa kubadilisha kipande cha mpira wa mafuta na klipu mbili. Anayetaka kumtetea fundi aje na namba: presha ilikuwa ngapi, ilitoka mafuta kiasi gani, volti ngapi, na alipimia wapi.

Na pampu yangu ya kwanza, ile iliyotoka na gari na ambayo sasa najua ilikuwa nzima, nimeidai. Fundi anasema "vitu vya zamani huwa tunatupa." Juzi hiyohiyo nimeiona rafuni kwake, imeoshwa, inang'aa, na kuna mwenye pikapu mwingine anasubiri pale nje.