Mkapa: alijenga nchi au aliuza nchi?

Korosho Kavu: Wakuu, kila ikifika Julai 24, siku aliyofariki Rais Mkapa, marehemu anaandikiwa tenzi. Apumzike kwa amani. Lakini tuulizane bila jazba: miaka 10 ya Awamu ya Tatu, 1995 hadi 2005, ilituachia nini? Benki ya NBC ilikwenda kwa ABSA ya Afrika Kusini mwaka 2000 kwa shilingi bilioni 15. Asilimia 35 ya kampuni ya simu TTCL wakachukua MSI na Detecon, kampuni za nje, 2001. Asilimia 49 ya ATC, shirika letu la ndege, wakapewa shirika la ndege la Afrika Kusini 2002. Maji ya Dar wakapewa kampuni binafsi ya City Water 2003, na Mei 2005 mkataba ukavunjwa. Nitajieni kimoja kilichosimama.

Hazina Ndogo: Umehesabu waliokufa, waliopona umewaacha wodini. TRA ilianza kazi Julai 1996, VAT Julai 1998. Bajeti ikawa ya fedha taslimu: wizara haipewi senti mpaka makusanyo ya mwezi yaingie Hazina, kwa hiyo hakuna kukopa Benki Kuu kulipia posho. Mfumuko wa bei ulikuwa juu ya 25% alipoingia, akauacha chini ya 6%. Nidhamu hiyo ndiyo iliyotufikisha kwenye msamaha wa madeni Novemba 2001, na ada ya shule ya msingi ikafutwa. Na ubinafsishaji haukuanzishwa na Mkapa. Kampuni ya bia TBL iliuzwa 1993, Mzee Mwinyi yuko Ikulu. Asiyejua mfumuko wa bei unavyotafuna mshahara angekaa pembeni asome kwanza.

Jembe Butu: "Akae pembeni"? Nani amekukabidhi ufunguo wa mlango, mkuu? Huo msamaha wako uliishia darasani wanafunzi 100 na mwalimu mmoja. Wanafunzi wa msingi walikuwa milioni 4 na ushee, ndani ya miaka mitano wakapita milioni 7. Kwenye makaratasi ya MMEM, ule mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi, ruzuku ilikuwa dola 10 kwa kila mtoto, 4 kati ya hizo za vitabu. Kaulize walimu wakuu wa enzi hizo ngapi zilifika shuleni. Na muda wote huo dhahabu ya Geita inaondoka kwa mrabaha (malipo ya mchimbaji kwa serikali kwa madini anayotoa) wa 3%. Hata mkataba wa mgodi wa Buzwagi ulisainiwa hotelini London na hao hao unaowapigia makofi.

Bi Tatu: Kaka, Buzwagi ilisainiwa Februari 2007. Mkapa alikabidhi ofisi Desemba 2005. Waziri aliyesaini ni Karamagi, rais ni Kikwete. Mbunge Zitto Kabwe alisimamishwa ubunge Agosti 2007 kwa sababu ya kuuhoji mkataba huo, ndipo ikaja Kamati ya Bomani ya kupitia mikataba ya madini. Mbebeshe mtu mzigo wake, si wa jirani.

Jembe Butu: Nilijua watakuja na kalenda. Sheria ya Madini iliyotumika London ilipitishwa mwaka gani? 1998! Aliyechonga ufunguo ni nani?

Hazina Ndogo: Unaimba 3% kila siku, je, unajua ni 3% ya nini? Sheria ya 1998 ilitoza thamani halisi, yaani bei ya sokoni ukishatoa gharama za kusafirisha na kusafisha. Wakia ya dhahabu ikiuzwa dola 300, makato yakiwa dola 10, mrabaha ni 3% ya 290, sawa na dola 8.70. Sheria ya 2010 ikapandisha kuwa 4% na kutoza thamani ghafi: 4% ya 300, dola 12. Bulyanhulu ndiko kulikouma zaidi, maana makinikia, yaani mchanga wenye dhahabu na shaba uliokwisha kuchujwa, yana gharama kubwa za kuyeyushwa, na zote zilikatwa kwanza kabla serikali haijanusa chake.

Jembe Butu: Asante kwa kunisaidia hoja yangu.

Mchimba Chumvi: Tusisahau bei ya wakati ule. 1999 wakia ilishuka hadi kama dola 250. Ghana nako wachimbaji walikuwa wakilipa 3%. Mgodi mkubwa wa kisasa wa dhahabu hatukuwa nao hata mmoja mpaka Nzega ilipofunguliwa mwishoni mwa 1998, Geita 2000, Bulyanhulu 2001. Ungewaandikia 6% wangekwenda Mali.

Bi Tatu: Mrabaha ni vumbi tu, ndugu zangu. Kodi ya mapato ndiyo iliyoliwa. Gharama yote ya kujenga mgodi iliruhusiwa kukatwa kwenye faida tangu mwaka wa kwanza, na hasara kusogezwa mbele bila kikomo. Juu yake marekebisho ya 1997 yakaongeza 15% kila mwaka kwenye mtaji ambao haujarudi. Fanyeni hesabu. Mgodi wa dola milioni 200, faida ya milioni 40 kwa mwaka. Bila ile 15%, mtaji unaisha mwaka wa 5 na kodi inaanza wa 6. Ukiiweka: mwaka wa kwanza linabaki deni la mtaji la 160, linavimba kuwa 184, ukitoa 40 linabaki 144, linavimba tena 165.6. Endelea hivyo hivyo: kodi inaanza mwaka wa 8, na mwaka huo faida unayoitoza kodi ni milioni 17 tu. Na huyo ni mchimbaji mwaminifu. Akipandisha gharama kidogo, au akikopa kwa kampuni mama kwa riba nene, hiyo 8 huioni.

Mchimba Chumvi: Ile 15% ilifutwa 2001, Mkapa huyo huyo akiwa madarakani. Hilo mbona hulisemi?

Bi Tatu: Ilifutwa kwa waliokuja baadaye. Waliokwisha kusaini walikuwa na kifungu kinachofunga masharti ya kodi yasibadilike, wakabaki nayo. Hicho kifungu ndicho kesi yangu na Awamu ya Tatu, wala si asilimia.

Korosho Kavu: Jamani, niliuliza kuhusu mashirika. NBC?

Hazina Ndogo: NBC ya zamani iligawanywa 1997, madeni mabovu yakawekwa kando, matawi mengi ya wilayani yakawa NMB. Iliyobaki na jina ndiyo waliyoichukua ABSA: wao 55%, serikali 30%, IFC ya Benki ya Dunia 15%. Unataka kilichosimama? NMB. Rabobank ya Uholanzi na wenzake walichukua 49% mwaka 2005, wananchi wakauziwa hisa 2008 kwa shilingi 600, na serikali inapokea gawio mpaka leo.

Jembe Butu: Tuachane na benki kwanza. Bi Tatu, ile 4% ya 2010 migodi ya zamani walilipa au hawakulipa?

Bi Tatu: Hawakulipa mara moja. Kifungu kiliwalinda. Wenye Bulyanhulu walianza kulipa 4% mwaka 2012 baada ya kukubaliana na serikali, wakati huo wakia imeshapita dola 1,500.