Tupeane uzoefu: ulikuwa ukihesabu nini tulipofungiwa ndani?

Mtunza Kalenda:
Wenzangu, jana nilikuwa nikipanga upya kabati la vitabu, nikakuta kalenda ya ukutani ya mwaka 2020 niliyodhani kwamba niliitupa zamani. Hadi katikati ya Machi ina miadi ya kawaida ya mtu mwenye pilikapilika: daktari wa meno, harusi, vikao. Baada ya tarehe 11 ya mwezi huo, siku ambayo Shirika la Afya Duniani lilitamka kwamba korona imekuwa janga la dunia nzima, miadi yote imepigwa mstari, na mahali pake yameanza maduara ya rangi. Duara la bluu ni siku niliyosoma angalau kurasa 20. La kijani ni siku niliyofanya mazoezi ya viungo. Lipo pia la njano, limechorwa ovyo kuliko mengine, nami nimelitazama usiku kucha bila kukumbuka lilihusu nini.

Naomba tupeane uzoefu. Milango ilipofungwa, ulikuwa ukiweka kumbukumbu ya nini kila siku, uliiweka kwa njia gani, na je, ilikusaidia au ilikutesa? Mwenye kuweza kubuni maana ya njano naye anakaribishwa.

Hatua Kumi na Nne:
Ndugu, umenitonesha. Ujia wa nyumba niliyokuwa nikiishi una urefu wa hatua 14, na hilo nalijua kuliko ninavyoijua tarehe yangu ya kuzaliwa. Nilijiwekea hatua 10,000 kwa siku, maana yake safari 714 kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, kisha hatua nne za salio ambazo nilizimalizia jikoni. Mchana nilikuwa na kazi za kompyuta, kwa hiyo hesabu yangu ilianza kukimbizana na saa sita ya usiku.

Usiku mmoja nikasikia mlango unagongwa. Alikuwa jirani wa ghorofa ya chini, amesimama mbali, barakoa usoni, akauliza kwa upole kama nina mgonjwa ndani, kwa sababu kila usiku anamsikia mtu akienda na kurudi kama anayesubiri habari mbaya. Nilimwonyesha simu yangu: hatua 9,210. Alinyamaza kidogo, halafu akasema, “Basi kesho anza mapema.”

Lililonikera zaidi nililisoma baadaye. Idadi ile ya 10,000 haikuanzia kwa madaktari. Ilitokana na kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, mara tu baada ya Michezo ya Olimpiki ya Tokyo ya 1964, ambacho jina lake, manpo-kei, lina maana ya kipimo cha hatua elfu kumi. Nilikuwa nimemnyima jirani usingizi kwa wiki saba kwa ajili ya jina la bidhaa.

Uzi na Sindano:
Hata mimi. Nilizunguka meza ya chakula hadi zulia likatoboka upande mmoja.

Mwanafunzi wa Nidhamu:
Tatizo lenu ni kwamba mlihesabu bila kanuni. Imethibitishwa kisayansi kwamba tabia yoyote hujengeka kwa siku 21. Mimi niliandika siku 21 kwa kila jambo, nikafunga ukurasa, nikaanza jambo jingine, na kufikia mwisho wa marufuku nilikuwa na tabia tano mpya.

Mwalimu Mstaafu:
Kijana wangu, naomba nikusahihishe bila kukuvunja moyo. Siku 21 zimetoka kwa Maxwell Maltz, daktari wa Marekani wa upasuaji wa kurekebisha sura, ambaye mwaka 1960 aliandika kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 hivi ili kuzoea nyuso zao mpya. Alisema “angalau”, na alikuwa akizungumzia watu kuzoea pua zao. Watu wakaliangusha lile “angalau” njiani, wakabaki na namba. Waliokuja kupima jambo lenyewe ni Phillippa Lally na wenzake wa University College London, ambao waliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12 na kuchapisha matokeo yao mwaka 2010. Wastani ulikuwa siku 66, na makadirio yao yalianzia siku 18 hadi siku 254, kwa kutegemea mtu na tabia yenyewe. Waliona pia kwamba kukosa siku moja hakukuharibu chochote cha maana.

Mwanafunzi wa Nidhamu:
Shikamoo, mwalimu. Pamoja na hayo, kwangu siku 21 zilitosha.

Mwalimu Mstaafu:
Marahaba. Zilitosha kwa tabia gani?

Mwanafunzi wa Nidhamu:
Kunywa glasi ya maji nikiamka.

Mwalimu Mstaafu:
Hiyo hata 18 zingekutosha.

Simu Iliyozama:
Kama kukosa siku moja hakuharibu chochote, basi mwalimu aiambie hivyo programu ya simu niliyokuwa nikijifunzia lugha. Nilikuwa na mfululizo wa siku 143. Simu ikatumbukia kwenye beseni la kufulia, ikakata roho, nami nikangoja siku nne kupata nyingine, na nilipofungua programu ile ikanikaribisha kwa maneno machache: “Siku ya 1.” Nililia, na sioni aibu kusema hivyo. Maneno yote niliyojifunza yalikuwa bado kichwani, hakuna hata moja lililozama pamoja na simu, lakini nilihisi kama miezi mitano imefutwa. Sikuifungua tena.

Uzi na Sindano:
Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, mwenzangu.

Simu Iliyozama:
Koleo lingekuwa langu, ningelitengeneza. Lile lilikuwa la wenye programu.

Kalamu ya Risasi:
Ndiyo maana nasema kila siku kwamba karatasi haihitaji chaji wala haikuulizi nywila. Nilikuwa na daftari moja, nikiandika ndege niliowaona dirishani, saa niliyowaona na walichokuwa wakifanya. Hadi leo nikilifungua najua kwamba wa kijivu walijenga kiota tarehe gani.

Simu Iliyozama:
Karatasi nayo huliwa na panya na kuchorwa na watoto. Tusiwasifu wafu kupita kiasi.

Zamu ya Usiku:
Nimewasoma kwa tabasamu, na kwa wivu kidogo. Mimi ni muuguzi, na sisi hatukufungiwa ndani. Mliposema siku zinafanana, zetu zilikuwa zinapishana kwa idadi ya vitanda. Nilijaribu kuhesabu mambo mawili tu: saa nilizolala na mara nilizonawa mikono. La pili nililiacha siku nilipofika mara 60 kabla ya adhuhuri, ngozi ya vidole ikiwa imepasuka, nikaona kwamba hesabu haikuwa na kazi yoyote zaidi ya kuniumiza mara ya pili. La kwanza niliendelea nalo. Wastani wangu wa Aprili ulikuwa saa nne na dakika kumi.

Mwanafunzi wa Nidhamu:
Pole kwa kazi, dada, ila mada ni ya waliofungiwa.

Kalamu ya Risasi:
Na wewe uliyefungiwa na glasi ya maji, mwache aseme.

Safu ya Nne:
Nimeandika na kufuta mara tatu.

Kwenye mlango wa jokofu nilibandika jedwali la safu nne: kusoma, kufuma, kunyoosha viungo, kumpigia mama. Mama aliishi peke yake, umri wake umepita miaka 70, nasi tulikubaliana kwamba hatutaonana hadi hali itulie, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikitoka kutafuta mahitaji na niliogopa kumpelekea ugonjwa. Kila jioni nilisimama mbele ya jedwali nikiwa na kalamu, na nakiri kwamba dakika hiyo ilikuwa tamu kuliko shughuli zenyewe. Nilipenda kuuona mstari mzima wa alama za vema, usio na pengo. Kwa hiyo zikaanza kuja jioni ambazo nimesoma, nimefuma, nimenyoosha viungo, ila simu sijaipiga. Nami badala ya kuacha pengo nikatia vema, nikijiambia kwamba nitapiga baada ya kula, na baada ya kula usingizi ukanichukua. Sikuona kwamba namdanganya mtu, maana jedwali lilikuwa langu.

Mama alifariki mwaka uliofuata. Haikuwa korona, ulikuwa moyo. Tulipokuwa tukikusanya vitu vyake nikakuta daftari dogo chini ya mto, kumbe naye alikuwa akiandika. Kila ukurasa una tarehe, kipimo cha shinikizo la damu asubuhi na jioni, maua aliyoyamwagilia, ukurasa aliofikia katika kitabu alichokuwa akisoma, na chini kabisa jina langu pamoja na saa niliyopiga. “Saa 1:20 jioni. Amechoka, hajasema.” “Saa 2:05. Tumecheka.” Siku nisizopiga aliandika jina langu, akaweka nukta mbili, akaacha wazi. Aliziweka kabla ya kulala, nadhani, akiwa bado anangoja.

Jedwali langu nilikuwa nimelihifadhi kwa kujivunia. Nikalitandika kando ya daftari lake. Mei peke yake, jedwali lilikuwa na vema 31. Daftari lilikuwa na simu 19.

Zamu ya Usiku:
Pole sana, dada yangu.

Uzi na Sindano:
Nimeweka kazi yangu chini ili nisome tena. Pole.

Mwanafunzi wa Nidhamu:
Pole sana. Ila niruhusuni kuuliza: kwa nini mzazi awekwe kwenye jedwali moja na kufuma? Mambo mengine hayapimwi kwa vema.

Mwalimu Mstaafu:
Kijana, bila jedwali lile huenda zingekuwa simu tano badala ya 19. Watu wengi hawana hata hizo tano, na hawajui, kwa sababu hakuna aliyeandika.

Mwanafunzi wa Nidhamu:
Mwalimu, hapo unautetea uongo wa vema 12.

Mwalimu Mstaafu:
Ninazitetea simu 19.

Safu ya Nne:
Msigombane kwa ajili yangu. Nyote wawili mmesema niliyoyasema mwenyewe kwa miaka kadhaa, tena kwa ukali zaidi. Siku hizi sina jedwali. Kaka yangu yuko mbali, nampigia nikimkumbuka, na wakati mwingine zinapita wiki mbili. Sijui kama hiyo ni nafuu.

Hatua Kumi na Nne:
Dada, kwa kuwa umesema ukweli wako, nami niseme wangu. Baada ya jirani kuja mlangoni, zile hatua za mwisho za usiku nilikuwa nikizikamilisha nimeketi kitini, naitikisa simu mkononi. Ilizihesabu zote. Nina picha ya hatua 10,000 za siku ambayo sikutoka kitandani hadi saa kumi.

Simu Iliyozama:
Katika zile siku 143, zisizopungua 30 nilifungua somo la kwanza kabisa, lile la “habari za asubuhi”, nikalimaliza kwa dakika moja ili mfululizo usikatike. Nadhani nililia pia kwa sababu hiyo.

Uzi na Sindano:
Kumbe tulikuwa wengi. Mimi nilifumua shingo ya sweta ileile mara nne, na kila nilipoifuma upya nikaiandika kuwa ni kazi mpya.

Kalamu ya Risasi:
Ndege sikuwadanganyia. Niliwadanganyia saa tu, kwa sababu niliona aibu kuandika kwamba nimeamka saa tano.

Mwalimu Mstaafu:
Lugha ilikwisha kutuonya. Neno uraibu kamusini hubeba mambo mawili: kitu akipendacho mtu kwa kujifurahisha, na kitu ambacho hawezi tena kukiacha. Mwenye kutia vema bila kusoma ameshavuka kutoka maana ya kwanza kwenda ya pili. Anachokitamani ni vema.

Mwanafunzi wa Nidhamu:
Basi tufanyeje? Mimi nasema usiandike jambo kabla hujalifanya, hata kwa dakika tano.

Kalamu ya Risasi:
Nashauri kinyume: andika makosa tu. Benjamin Franklin, mmoja wa waasisi wa Marekani, alikuwa na kijitabu cha fadhila 13, akiikazania moja kila wiki, na alichokitia humo kilikuwa nukta nyeusi kwa kila kosa la siku. Ukurasa safi ndio uliokuwa ushindi. Ajabu ni kwamba iliyomshinda zaidi, kwa kukiri kwake mwenyewe, ilikuwa fadhila ya utaratibu.

Hatua Kumi na Nne:
Ningefuata njia hiyo, kalamu yangu ingekwisha wino Jumatano.

Uzi na Sindano:
Mimi nasema usiandike kabisa. Sweta lililokamilika linaonekana, na lisilokamilika linaonekana.

Zamu ya Usiku:
Mimi bado naandika saa za kulala, kwa sababu zilinisaidia kuomba likizo. Nilimpelekea msimamizi wangu wiki sita za namba, akaziangalia, hakubishana. Ningesema “nimechoka”, angeniambia sote tumechoka. Ushauri wangu kwa wengine ni mmoja: kama unajidanganya, mpe mtu mwingine kalamu.

Mwanafunzi wa Nidhamu:
Hilo nalikataa. Mtu mwingine atajuaje kama nimesoma?

Zamu ya Usiku:
Atakuuliza kitabu kilihusu nini.

Simu Iliyozama:
Ndugu Mtunza Kalenda, tumekuacha na njano yako. Mimi nabuni kwamba ni siku ulizobadilisha mashuka.

Kalamu ya Risasi:
Siku za kukata kucha. Zinaangukia siku zilezile za wiki?

Mtunza Kalenda:
Hapana, hazina mpangilio wowote. Zipo tatu za Aprili, nne za Mei, mbili za Juni, kisha hakuna tena. Niliposoma maneno ya muuguzi kuhusu kumpa mtu mwingine kalamu, nimeinuka na kwenda kumwonyesha mke wangu kalenda. Ameitazama kidogo, akacheka hadi akakaa chini. Anasema zile za njano alizichora yeye, nikiwa nimelala, na kwamba ni siku ambazo sikuuliza hata mara moja marufuku itaisha lini.

Uzi na Sindano:
Tisa kwa miezi mitatu?

Mtunza Kalenda:
Anasema moja ya Mei aliniwekea kwa huruma.