Mjadala: Je, bima ya afya ilipie tiba ya sindano kwa wenye maumivu sugu ya kiuno?

Mkazi wa Uyole

Ndugu zangu, hoja hii imetoka katika kikao cha ukoo wetu, ambapo mzee tunayemheshimu alisema kwamba, kwa kuwa sasa tunayo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, bima hiyo ilipie pia tiba ya sindano za Kichina, yaani akupancha, kwa watu wanaosumbuliwa na kiuno kwa muda mrefu. Wengi waliafiki. Mimi sikuafiki, na ningependa kueleza sababu ili nisahihishwe nilipokosea.

Nianze na nilichokiona kwa macho yangu. Mjomba wangu amepakia viazi kwenye malori kwa zaidi ya miaka 20, na anayeijua lumbesa, lile gunia linalojazwa kupita kipimo, hahitaji kuelezwa kiuno chake kikoje. Nilimsindikiza katika kliniki moja ya binafsi hapa Mbeya. Alilazwa kifudifudi, mgongo ukapanguswa kwa spiriti, na mtabibu akafungua pakiti ya sindano nyembamba kuliko za chanjo, zisizo na tundu wala dawa, akawa anazigonga moja moja kwa ncha ya kidole kupitia kijimrija cha plastiki. Kila iliyoingia aliizungusha taratibu mpaka mjomba aseme anahisi uzito unashuka hadi pajani, ndipo aende kwenye nyingine. Zilikaa nusu saa. (Mjomba, ambaye utotoni alichanjwa chale kwa wembe uliokwisha kuzunguka nyumba tatu, aliliona jambo zima ni la kistaarabu mno.) Alitoka akitembea wima, na usiku ule alilala.

Sikatai kwamba alipata nafuu. Ninachouliza ni kwamba nafuu hiyo ilitoka wapi. Wajerumani walilifanyia swali hili jaribio kubwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2007. Wagonjwa 1,162 wenye maumivu sugu ya kiuno waligawanywa kwa kura katika makundi matatu. La kwanza lilichomwa katika nukta zinazofundishwa na jadi ya Kichina. La pili lilichomwa juujuu tu, mahali pasipo nukta yoyote, bila wenyewe kujua. La tatu lilipewa matibabu ya kawaida. Baada ya miezi sita, walioonyesha nafuu ya kutosha walikuwa asilimia 47.6 katika kundi la kwanza, asilimia 44.2 katika la pili na asilimia 27.4 katika la tatu. Pengo kati ya kundi la kwanza na la pili ni dogo kiasi kwamba haliwezi kutenganishwa na bahati. Kwa hiyo ile ramani ya nukta na mikondo ya nguvu, ambayo mtabibu huisomea kwa miaka na ambayo ndiyo inayompa haki ya kutoza anachotoza, haikuongeza kitu cha maana.

Waingereza nao wameyumba: taasisi yao ya miongozo ya tiba, NICE, iliipendekeza kwa maumivu ya kiuno mwaka 2009, ikaagiza mwaka 2016 isitolewe kwa maumivu hayo, kisha mwaka 2021 ikairuhusu kwa aina nyingine ya maumivu sugu. Kwa maoni yangu, michango yetu ianze kwa kuajiri wataalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, katika hospitali za wilaya, na anayetaka sindano ajilipie.

Mama Muuguzi, Tukuyu

Mwanangu, nimekusoma kwa makini, nami nashukuru umeleta takwimu badala ya kelele. Lakini umezisoma kwa jicho moja. Umelipima kundi la kwanza na la pili, ukalipita la tatu kama mtu anayempita mdai wake njiani. Yale uliyoyaita matibabu ya kawaida yalikuwa dawa, mazoezi na hiyo hiyo fiziotherapia unayoipigania, na ndiyo yaliyoambulia asilimia 27.4. Hata sindano ya uongo iliyashinda. Ndiyo maana mwaka 2006, hata kabla matokeo hayo hayajachapishwa, Wajerumani waliamua bima zao zilipie sindano kwa kiuno na kwa goti, ingawa kwa maumivu ya kichwa walikataa.

Nimestaafu, lakini wodini nimewaona watu waliokula vidonge vya maumivu vya diklofenaki kama karanga kwa sababu ya mgongo, wakaletwa kwetu wanatapika damu. Mgonjwa wa namna hiyo utampa nini?

Tena hoja yako inakugeukia. Kama ni kweli kwamba nukta hazina maana, basi hatuhitaji bingwa wa kuzisomea kwa miaka. Muuguzi anayejua mahali mapafu yalipo, asije akamtoboa mtu kifuani, na anayetupa kila sindano baada ya kuitumia mara moja ili asimwambukize mtu homa ya ini, anaweza kufundishwa kazi hiyo katika kituo cha afya. Gharama uliyoiogopa inapungua kwa ushahidi wako mwenyewe.

Mkazi wa Uyole

Shikamoo, mama. Kuhusu kundi la tatu umenibana, ingawa wale walijua wazi kwamba wamekosa sindano na kwamba wanarudishiwa matibabu ya aina waliyokwisha kuyajaribu. Mtu aliyekata tamaa hajazi fomu kama mwenye matumaini. Jambo la muuguzi wa kituo cha afya sikulifikiria kabisa, na limenitikisa, kwa sababu jaribio lile lilikuwa la vikao 10, kwa kawaida viwili kwa wiki. Mjomba alikwenda vitatu tu, kwa kuwa kila kikao kilimkosesha siku nzima ya upakiaji. Amerudi kwenye magunia, na kiuno kimerudi naye.

Kinachonikwaza sasa ni kimoja. Muuguzi huyo atamwambia mgonjwa kwamba mahali anapochoma hapana maana yoyote? Akimwambia, huenda nafuu ikapotea. Asipomwambia, tutakuwa tunalipia udanganyifu kwa fedha za wachangiaji.

Mama Muuguzi, Tukuyu

Marahaba, mwanangu. Atamwambia hivi: "Wengi hupata nafuu, na bado watu wanabishana ni kwa nini." Hapo hakuna uongo, na hata vidonge vingi nilivyowahi kugawa sikuvitolea maelezo marefu kuliko hayo. Na huyo mjomba wako, gunia lake lina kilo ngapi? Kama linapita zile 100 zinazoruhusiwa, hata ukimpa vikao 30 kiuno kitarudi pale pale.