Hedifoni ya kuzuia kelele Sony XM5 kwa anayekaa juu ya karakana: itanifaa?

mwandishi_bakarani
Assalaamu alaykum wenzangu. Kazi yangu ni kusikiza mahojiano yaliyorekodiwa na kuyaandika neno kwa neno. Nalipwa kwa dakika za sauti, kwa hivyo sentensi nikiirudia mara tatu hasara ni yangu. Nakaa Bakarani, ghorofa ya kwanza, na chini yangu yuko fundi wa mageti: grainda kuanzia saa mbili asubuhi, na stima ikipotea awasha jenereta. Ndani feni haizimwi, joto hili la Machi mwalijua.

Nimeweka pesa tangu mwaka jana. Dukani XM5 mpya wanitajia Sh45,000, na kuna mtu auza XM4, toleo lililotangulia, aliyoitumia kwa Sh20,000. Chaji hainisumbui, zote zafika saa 30 zikiwa zazuia kelele. Nataka kujua hili: nitamsikia mzee wa Lamu anayezungumza polepole kwenye rekodi, ama nitaendelea kumsikia fundi? Halafu mimi navaa mtandio kutwa, hata nyumbani, maana mashemeji huingia na kutoka.

abiria_wa_miritini
Mimi nina XM5, naivaa kwenye treni ya Nairobi. Mvumo wa behewa wapotea kabisa. Ila haikunjiki kama XM4, kikasha chake chala nusu ya mkoba. Ukiwa wafanyia kazi nyumbani, hilo si neno.

fundi_sauti_kibokoni
Dadangu, XM4 ninayo tangu 2021, nahariria sauti za harusi, na jirani yangu ana jenereta. Maikrofoni ndogo za hedifoni hunasa kelele ya nje, kisha ndani hutolewa wimbi lililopinduliwa: la nje likipanda, hili lashuka, na yakikutana sikioni yauana. Hilo lawezekana kwa mvumo mzito usiobadilika. Feni, jenereta, injini ya feri pale Likoni, hizo zitapungua mpaka ushangae. Grainda ni mambo mengine. Mlio wake ni mkali, mawimbi yake mafupi, hayawahiki. Hapo mkingaji wako ni sponji inavyoziba sikio, basi. Nyundo kwenye bati na watu wa barazani utawasikia kwa mbali.

Sasa mtandio. Mke wangu alizivaa juu ya mtandio wa pamba, na jenereta ikarudi karibu yote, maana hewa yapenya kwenye mikunjo. Akazivaa chini yake, sponji ikashika ngozi, kukawa kimya. Lakini saa moja haikwisha kabla jasho kumshuka shingoni. Hizi hazikuundwa kustahimili maji, XM4 wala XM5. Yangu, ngozi ya sponji ilianza kubanduka mwaka wa pili nikatia nyengine. Nikimaliza kazi naipangusa na kuiacha mbele ya feni, siifungii kwenye kikasha ikiwa mbichi.

Na kwa kazi yako, tumia waya. Bluetooth huchelewesha sauti kidogo, na wewe wasimamisha na kurudisha mara mia kwa siku, utakuwa wamezwa mwanzo wa neno kila mara. Waya wa sauti huchomekwa na kuzuia kelele kwaendelea. Ule wa USB ni wa chaji tu.

Usinunue kwa kuambiwa. Nenda na rekodi ya mzee huyo, na mtandio wako, umwombe muuzaji awashe feni au jenereta. Akikataa, ondoka.

abiria_wa_miritini
Ya waya sikuijua. Shukrani, kaka.

mwandishi_bakarani
Nimerudi. Dukani nilijaribu XM5 karibu na jenereta yao, kisha nikaenda kwa yule mwenye XM4. XM5 ilizidi kidogo kwa kuzuia sauti za watu, lakini si kwa Sh25,000 za ziada. Nimechukua XM4, nikaitia sponji mpya. Naivaa chini ya mtandio mwepesi, dakika arubaini kisha napumzika. Grainda bado naisikia, nyembamba, kama iko mtaa wa pili. Feni sijui hata kama inazunguka mpaka niitazame.

Jana nilirudia rekodi ya mzee tangu mwanzo. Pale nilipoandika "mtego" mara nne, alikuwa asema "mtepe". Mahojiano yote ni ya vyombo vya kale vya kushonwa kwa kamba. Nimeyasahihisha usiku huohuo kabla sijayatuma.