Hita imekata tena

Rehema: Jamani hita imezima umeme tena. Nina sabuni kichwa kizima, giza totoro

Salim: 😂😂 Pole dada. Hiyo breka, swichi inayojikata umeme ukizidi, ni ndogo. Tufunge ya ampia 32 yaishe

Mjomba: Funga uone.

Salim: Shikamoo Mjomba, kumbe uko hewani

Mjomba: Marahaba. Hita imeandikwa wati ngapi?

Rehema: 3000

Mjomba: Gawa kwa volti 230, inavuta ampia 13. Breka yenu ya ampia 20 inaubeba mzigo huo bila jasho. Ukifunga ya 32 juu ya waya uleule, siku waya ukizidiwa breka itautazama tu unavyoungua ukutani.

Mjomba: Halafu inayoshuka ni ipi? Vile vidogo vilivyopangwa safu, au ile pana yenye kitufe cha T?

Rehema: Ngoja nimulike

Rehema: Yenye T. Nyumba nzima inazima

Mjomba: Basi hiyo haina habari na mzigo. Inalinganisha umeme unaotoka na unaorudi. Zikipotea miliampia 30, inakata. Kuna mahali panavuja. Inakata hapohapo ukiwasha?

Rehema: Hapana, inakaa kama dakika 10. Maji yakianza tu kuwa vuguvugu, tap!

Mjomba: Nashuku elementi, kile chuma kinachochemsha maji ndani ya tanki. Ganda lake likiwa na ufa, joto linaupanua, maji yanapenya mpaka kwenye koili, waya wa ndani unaopata moto. Ingekuwa shoti ya waya kwa waya, ingeshuka breka ndogo, tena kabla hujatoa kidole kwenye swichi.

Mama: Mimi wiki iliyopita bomba la bafuni lilinifinya. Nikajua ni baridi yabisi

Mjomba: Lilikufinya vipi dada?

Mama: Kama sisimizi wanatembea mkononi

Mjomba: NA MKANYAMAZA??

Mjomba: Hita izimwe sasa hivi, asioge mtu. Salim, jaribu tesa, ile bisibisi ya kupimia umeme, kwenye soketi yenye umeme uone inawaka. Kisha zima meni swichi, siyo ya hita peke yake. Fungua kifuniko, pima tena kabla hujagusa kitu. Angalia waya wa athi, ule wa kijani na njano unaopeleka ardhini umeme unaovuja.

Salim: Sawa

Rehema: Salim na umeme, Mungu tusaidie

Salim: Nimesikia hiyo

Salim: Mjomba, nati ya athi imekula kutu. Waya unacheza kama jino la mtoto

Mjomba: Hao ndio sisimizi wa mama yako. Umeme unaovuja ulikosa njia, ukapitia kwenye maji na mabomba. Sasa chomoa nyaya mbili za elementi, weka maltimita kwenye omu, upime ukinzani.

Salim: Ncha kwa ncha omu 18. Si nzima hiyo?

Mjomba: Hapo ndipo wengi wanapodanganyika. Koili haijakatika, kweli, inachemsha vizuri tu. Pima ncha moja na bati la tanki.

Salim: Omu elfu 20 hivi, inashuka shuka

Mjomba: Ilitakiwa isisome kitu kabisa, kama vile umeshika nyaya hewani. Hapo elementi ni ya baridi, na ikiwashwa tayari inavuja kama miliampia 11. Ikipata moto, hesabu unajua mwenyewe. Elementi mpya, wati zilezile, na mpira wake mpya. Usirudishe ule wa zamani kwa kubana matumizi, utanipigia tena.

*Jumamosi*

Salim: [picha] Oneni wenyewe. Ufa kama urefu wa ukucha, chokaa imeganda pembeni

Rehema: Kitu kidogo hivyo kimetutesa mwezi mzima!

Mjomba: Umejaza tanki kabla ya kuwasha? Fungua bomba la moto mpaka litoe maji mfululizo bila kutema hewa. Elementi ikiwaka kwenye tanki kavu haimalizi hata dakika chache.

Salim: Nimejaza. Athi nimeisugua kutu nikafunga nati mpya

Mjomba: Nakuja kesho niipime hiyo athi mwenyewe. Bonyeza T sasa hivi, lazima ishuke. Isiposhuka, msiwashe.

Salim: Imeshuka. Nimeirudisha juu

Rehema: Dakika 40 sasa, haijakata. Maji ya moto mpaka nimechanganya na ya baridi 🙌 Mama nenda ukaoge

Mama: Nina maji yangu kwenye sufuria. Kaka yangu akishaipima, ndipo nitaoga huko.

Mjomba: Umefanya vizuri dada.