Tupeane uzoefu: kitu chako cha kwanza cha uzi, na nani alikufundisha

*Aliyefungua uzi*

Hamjambo wapenzi wa uzi. Juzi nilipeleka kiondo changu, kikapu cha kusuka, soko la Kariokor, Nairobi, kitiwe mikanda ya ngozi. Fundi alikigeuza juu chini, akapitisha kidole gumba kwenye kitako, akaniuliza: "Hapa ulianza na nyuzi ngapi?" Wengi huanza na bei. Nimefurahi hadi leo, ndiyo sababu nafungua uzi huu wa mazungumzo.

Mimi nilifundishwa na susu, yaani nyanya yangu, Machakos, likizo ya darasa la sita. Aliketi amenyoosha miguu, akaweka mafungu mawili membamba ya mkonge juu ya paja, akayaviringisha kwa kiganja kwenda mbele, kisha akakirudisha, na hapo yakawa kamba moja. Mimi nilitoa vipande vinavyofumuka. Kitako ndicho kilichoniliza zaidi. Kiondo huanzia kitovuni na kuzunguka, na kadiri duara linavyopanuka lazima uongeze nyuzi. Ukichelewa, kinajikunja kama bakuli. Ukiharakisha, kinafanya mawimbi. Changu kilifanya yote mawili. Susu hakukifumua. Alikitilia mbegu za maharagwe akakitundika jikoni, na kila mgeni alionyeshwa.

Aliniambia pia kwamba mama yake alisokota magome ya mbuyu. Nilikuja kuelewa baadaye: mkonge ni mgeni kwetu, asili yake Meksiko, na uliletwa Tanganyika mwaka 1893. Kiondo kilikuwepo kabla yake.

Haya, zamu yenu. Msiogope kusimulia vile vilivyopinda.

*Mama Vitambaa, Githurai*

Asante dada. Mimi ni wa kroshia. Nilipoolewa sikuwa na pesa ya uzi mpya, basi jirani yangu wa mlango wa pili akanipeleka Gikomba tukachague sweta za mitumba za kufumua. Alinifundisha kutazama mshono wa ubavuni kwanza. Kama ukingo umekatwa na mashine, iache, maana uzi utatoka vipande vipande. Kama pande mbili zimeunganishwa tu kwa uzi wa kando, nunua: unachomoa ule wa kuunganisha, kisha sweta nzima inafumuka kwa mkupuo mmoja. Uzi huwa umejikunjakunja. Uoshe, uutundike na kitu kizito chini, ukikauka umenyooka.

Kitambaa changu cha kwanza cha kochi kilitoka na kona tano. Jirani alihama, sijui yuko wapi siku hizi, lakini kila nikianza mnyororo namkumbuka.

*Msusi wa Kayole*

Mimi nilianzia saluni. Kulikuwa na mabaki ya ule uzi wa kusukia nywele, naona uchungu kuyatupa. Mteja mmoja mama mtu mzima akatoa sindano ya kroshia kwenye mkoba akanionyesha huku namsuka. Kichwa chake kilichukua saa sita, na mimi nikaondoka najua duara.

*Soja wa Usiku, Umoja*

Niruhusuni na mimi, ingawa naona humu ni akina mama watupu. Nalinda lango usiku. Mwezi wa saba baridi ya Nairobi inaingia hadi kwenye mifupa, na mavini, ile kofia ya uzi, niliyokuwa nayo ilikuwa imetoboka. Mama anayeuza chai hapo nje alikuwa akifuma alfajiri akisubiri wateja. Nilimwomba anifundishe. Hakucheka. Alinipa sindano yake nzee akasema kichwa changu ndicho kipimo, nijaribishe kila baada ya mizunguko michache.

Ya kwanza ilimtosha mtoto wangu wa miaka minne. Aliivaa mpaka ikachanika. Sasa nimefuma ishirini na tatu, na watoto wa ploti yetu wengi wanavaa zangu. Nikiona rangi niliyoichagua mimi ikipita barabarani asubuhi nikirudi nyumbani, usingizi unanitoka.

*Aliyefungua uzi*

Kaka, karibu sana, na usihesabu akina mama, hesabu mizunguko. Hiyo ya mtoto unayo bado, hata kama imechanika? Na Mama Vitambaa, kile cha kona tano kiko wapi? Tuleteeni picha. Mimi kesho naenda Machakos kukipiga picha cha maharagwe. Bado kiko kwenye msumari uleule.