Kumbukumbu ya kijana aliyefariki akiwa jeshini: niandike nini?

Dada Mkubwa anauliza:

Ndugu zangu, naomba ushauri. Mdogo wetu wa mwisho alifariki akiwa katika utumishi wa jeshi, na familia imenipa jukumu la kuandika kumbukumbu yake, itakayosomwa tutakapotimiza mwaka mmoja tangu atutoke. Kila ninaposhika kalamu, yananijia yale yale yaliyosomwa na mwakilishi wa kikosi siku ya mazishi: tarehe ya kuandikishwa, kozi alizohitimu, cheo, utii, ushujaa. Yote ni kweli, lakini ungeweza kuyaweka chini ya jina la askari mwingine yeyote na isibadilike hata nukta. Mimi namkumbuka mtoto aliyeifungua redio ya baba ili aone sauti inatokea wapi, akaifunga tena na kubaki na skrubu mbili mkononi, na redio ikaimba vilevile. Je, mambo ya aina hiyo yanafaa katika kumbukumbu ya askari, au yatamshushia hadhi? Na kifo chenyewe nikieleze kwa kiasi gani?

Mhariri wa Taazia anajibu:

Pole sana, dada. Maandishi ya kikosi yana kazi yake, kwa sababu jeshi huwakumbuka watu wake kwa usawa. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, iliyoundwa mwaka 1917, iliamua kwamba mawe ya makaburi yafanane, ya ofisa na ya askari wa kawaida, lakini hata hapo familia iliachiwa nafasi chini ya jiwe ya kuandika maneno yake yenyewe, yasiyozidi herufi 66 pamoja na nafasi kati ya maneno. Wewe una ukurasa mzima. Usiutumie kurudia kile ambacho jiwe tayari linasema.

Tazama pia ukuta wa kumbukumbu ya vita vya Vietnam mjini Washington, uliozinduliwa mwaka 1982. Una majina zaidi ya 58,000, yamepangwa kwa kufuata tarehe waliyopotea na bila kutaja vyeo. Pamoja na ukubwa wake wote, watu walianza kuacha chini yake barua, buti na makopo ya bia, nao wahifadhi wa eneo hilo huvikusanya na kuvitunza. Jina lilichongwa kwa niaba ya taifa. Kopo la bia lililetwa na mtu aliyejua marehemu alipenda kunywa nini. Redio yako ni ya kundi hilo la pili, na mimi ningeanza nayo, kabla hata ya tarehe ya kuzaliwa.

Sajini Mstaafu anajibu:

Nakubaliana na Mhariri, ila nina angalizo. Usije ukaandika kana kwamba maisha yake yaliishia siku alipovaa kombati. Wapo vijana aliolala nao bweni moja tangu ukuruta, na hao wanamjua mtu ambaye ninyi nyumbani hamkuwahi kukutana naye. Watafute, lakini usiwaulize alikuwa mtu wa namna gani, maana watakujibu kwamba alikuwa mchapakazi na mambo yataishia hapo. Waulize alikuwa akigombana na nani na kwa sababu gani, nani alikuwa akimwazima fedha, alikuwa akiimba nini kwenye lindo. Katika platuni yangu alikuwepo kijana aliyempigia mwenzake mgonjwa rangi ya buti usiku wa kuamkia ukaguzi, asubuhi akaadhibiwa yeye kwa kuwa zake zilikuwa na vumbi. Katika kumbukumbu za ofisi imeandikwa adhabu tu.

Kuhusu kifo, andika kile ambacho familia imeelezwa rasmi, kisha usimame hapo. Kama ilikuwa ajali au maradhi, sema hivyo bila kuona haya. Medali ya Dag Hammarskjöld, iliyoanzishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1997 kwa ajili ya walinzi wa amani waliopoteza maisha, hutolewa kwa aliyeuawa kwa risasi, kwa aliyepinduka na gari na kwa aliyeugua akiwa kazini, bila ubaguzi.

Mzazi Mwenzenu anajibu:

Mimi naandika kama mtu aliyemzika mwanawe akiwa na bendera juu ya jeneza. Yupo msanii wa Ujerumani, Käthe Kollwitz, ambaye mwanawe Peter alitaka kujiunga na jeshi mwaka 1914, na kwa kuwa umri wake ulihitaji idhini ya baba, mama ndiye aliyemwombea. Kijana aliuawa Ubelgiji mwezi Oktoba mwaka huo huo, akiwa na miaka 18. Mama alianza kufikiria sanamu ya kumkumbuka, kwanza akimwonyesha kijana amelala, akaiacha, akairudia, na alipoikamilisha mwaka 1932 ilikuwa na wazazi wawili tu waliopiga magoti. Leo ipo Vladslo, Ubelgiji, kwenye makaburi ya wanajeshi wa Ujerumani.

Nasema hivi kwa sababu katika nyumba nyingi yupo aliyemruhusu kijana na yupo aliyepinga, na pengine kwenu pia. Mpe mama yenu aisome kabla ya wengine wote, na akisema sentensi fulani iondoke, iondoe bila kumdai sababu.

Dada Mkubwa:

Ahsanteni sana. Ni kweli baba ndiye aliyepinga. Nitawatafuta wenzake wa kombania. Je, picha alizopiga nao kambini naweza kuziweka mtandaoni?

Sajini Mstaafu:

Omba ruhusa ya kikosi kwanza. Baadhi ya wenzake bado wapo kazini, hivyo usitaje majina yao kamili wala mahali walipo, na chagua picha zisizoonyesha majengo, magari au silaha. Ile ya nyumbani, akiwa na nguo za kawaida, haihitaji ruhusa ya mtu yeyote isipokuwa mama yenu.